Namuria, fundi wa sauti aliyemzika mumewe redioni

Saa tatu asubuhi, na Lodwar imeshachemka. Katika chumba kidogo ambacho madirisha yake yamezibwa kwa blanketi za kijivu, feni imezimwa kwa sababu maikrofoni inaisikia. Namuria amepiga magoti mbele ya karai la kokoto. Sandali zake za tairi amezivaa mikononi, na kwa mikono hiyo anatembeza wanawake arobaini.

"Pole pole, Mama Ebei," anasema Lual, fundi mitambo, kutoka nyuma ya kioo. "Hawa wamama wako na njaa. Wasitembee kama askari wa gwaride."

Namuria anapunguza mwendo. Kokoto zinalia moja moja, kwa uchovu. Ukifumba macho unawaona wanawake wakikokota miguu, watoto mgongoni, vumbi limewapanda hadi magotini. Ukifumbua, ni mama mmoja wa miaka arobaini na sita, jasho linamdondoka kidevuni, na sandali mbili zilizolika visigino.

Kisha anachukua mfuniko wa sufuria, anausimamisha kwa ukingo wake sakafuni na kuuzungusha. Mfuniko unaimba wiii, unayumba, unalala. Hicho ni chombo cha kusafiria kutoka mwaka 2181, kimetua Kakuma.

"Jana hii ilifunika ugali," anasema, na kucheka peke yake.

Kicheko hakidumu. Kesho Ijumaa wanarekodi sehemu ya nane ya mchezo wao wa redio, ambayo ndiyo ya mwisho, na ndani yake kuna sauti moja inayomkosesha raha. Ni sauti ya shanga zinazovuliwa shingoni. Mara ya kwanza alipoitoa, alimfanya mumewe marehemu kwa siku tatu, na marehemu mwenyewe alikuwa Lokichoggio akipakia mbuzi kwenye lori.

Kabla ya redio, Namuria alikuwa msusi wa vikapu vya mkoma kando ya barabara, na hata sasa hajaacha. Kikapu kikubwa humchukua siku nne, naye hukiuza shilingi mia sita akipata mnunuzi asiye na maneno mengi. Kituo hiki kidogo cha jamii kilimwajiri miaka mitatu iliyopita, kufagia. Siku moja mtu aliyetakiwa kutoa sauti ya mvua hakutokea. Namuria akachukua ungo, akamwaga mtama ndani, akautikisa. Lual anaapa kwamba alitoka mbio kwenda kuanua nguo zake.

Tangu siku hiyo hulipwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa kila sehemu ya mchezo. Ufagio nao bado ni wake.

Mchezo wenyewe umeandikwa na Christine, binti wa Lodwar mwenye miaka ishirini na saba, baada ya kuketi na akina mama wazee wa Kakuma. Walimsimulia njaa ya mwaka 1981. Kwenye ghala moja la msaada, chakula kiligawiwa kwa kadi, na kadi iliandikwa jina la mume. Mume akiwa mbali akichunga mifugo, mke alirudi nyumbani na gunia tupu. Ni mjane peke yake aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Basi asubuhi moja wanawake arobaini waliandamana hadi mlangoni pa ghala, wakavua shanga zote shingoni na kuzimwaga mbele ya karani. Kwa Waturkana, mwanamke huvua shanga zake mume anapokufa. "Kama ni wajane mnaandika," walimwambia, "tuandike. Sisi wote tumefiwa." Waume zao walikuwa hai, wako milimani na ng'ombe. Karani akafungua daftari.

Hapo Christine akaongeza yake. Katika mchezo, mwaka 2181, mtambo unaotunza majina ya watu wote umefuta majina ya wanawake. Msichana mmoja, Akeno, anatumwa nyuma miaka mia mbili kuyatafuta pale yalipoandikwa kwa mara ya kwanza. Anatua katikati ya maandamano lakini haonekani. Sauti yake hutoka ndani ya kibuyu cha maziwa. Anajua kila litakalotokea, na sheria ya safari yake inamkataza kulisema.

"Mimi sikuelewa," Namuria anakiri. "Nikauliza Christine, huyu mtu hajazaliwa, anaongea aje? Akasema, Mama, ni hadithi ya sayansi. Nikasema haya. Lakini ukweli, mpaka leo nimechanganyikiwa. Wa kesho anakuja jana, wa jana anaongea na wa kesho, na mimi niko hapo katikati na sufuria."

Wakati wa kurekodi sehemu ya nne, ambapo mwanamke wa kwanza anavua shanga zake, Lual alijaribu kumwaga maharagwe. Akajaribu vifungo vya shati, akajaribu hata misumari. Hakuna kilichofanana. Wote wawili, yeye na Christine, wakajikuta wanaitazama shingo ya Namuria.

Shanga za Namuria zimepangwa safu juu ya safu kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, na katikati yake vinaning'inia vipande vitatu vya bati alivyopewa na mama mkwe. Akitembea, vinagongana. Majirani humjua kabla hajakata kona.

"Nilikataa kabisa. Nikasema, mzee wangu anapumua, mimi navua aje? Lual akasema, Mama Ebei, ni sauti tu. Nikafikiri, hapa ndani hakuna jua, hakuna mtu anaona, pengine Mungu pia anajua hii ni kazi. Nikavua." Anajishika shingo anaposema hivyo. "Nikavaa tena hapo hapo, haraka."

Na kwa kuwa shanga zilikuwa zake, Christine alimwomba maneno nayo yawe yake. Namuria akayasema mbele ya maikrofoni: "Mume wangu amekufa. Niandike."

Sehemu hiyo ilirushwa Jumanne, saa kumi alasiri. Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, matangazo ya kituo hiki huja na kupotea yanavyotaka. Huko shemeji yake Atiir alikuwa akitembea nyuma ya mbuzi na redio begani. Hakusikia mwanzo wa mchezo. Hakusikia kibuyu wala mwaka 2181. Alichosikia ni bati tatu anazozijua zikianguka, na sauti ya mke wa kaka yake ikisema mume amekufa. Kisha redio ikakwaruza, ikanyamaza.

Jumatano mchana Atiir aliingia Lodwar na watu kumi na mmoja na mbuzi wawili wa msiba. Namuria aliwakuta uani akitoka kazini, wanawake wameshaanza kulia.

"Ejok," alisalimia, maana hakujua aseme nini kingine.

Wote walikuwa wakimtazama shingo.

"Shemeji," Atiir alisema kwa uchungu, "ndugu yangu hata hajazikwa, na wewe umeshavaa?"

"Nani hajazikwa?"

"Ekaale!"

"Ekaale amekufa?" Namuria alipiga ukemi, akaketi chini mavumbini, akaanza kulia kuliko wageni wote.

Leo anaweza kuisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko, ila siku ile, jamani, hapakuwa na cha kuchekesha. "Mimi nikafikiri wao ndio wameleta habari. Wao wanafikiri ni mimi nimetangaza. Sasa nani atauliza nani? Tukalia pamoja. Mbuzi ikachinjwa. Mimi nalia, natafuta chumvi, nalia tena."

Ilipita kama saa nzima ndipo jirani mmoja akapata akili ya kupiga namba ya marehemu. Marehemu akapokea. Jirani akaitupa simu na kutimua mbio.

Ekaale, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye miaka hamsini na miwili, bado haoni utamu wa kisa hiki. "Niko Loki, nakula matumbo yangu. Simu inalia, nasema haloo, mtu anapiga nduru. Inalia tena, haloo, nduru. Nikajiuliza, kwani mimi niko na nini?" Siku hiyo alipigiwa mara sita, na kila aliyempigia alikata simu kabla hajaelezwa kitu.

Alifika nyumbani Ijumaa. Watoto wa jirani walimkimbia. Atiir alimpapasa mikono, akampapasa mabega, akamkumbatia, halafu akamkasirikia kwa sababu mbuzi wote wawili walikuwa wameshaliwa.

Kituo kililazimika kutangaza asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, kwamba Ekaale yu hai na ni mzima wa afya. Tangazo hilo liliharibu zaidi. Watu waliulizana, mtu akiwa mzima redio inamtangaza ya nini? Huko Lokichoggio kuna mzee aliyekataa kushikana naye mkono, na mpaka leo humsalimia kwa mbali.

Hapo Ekaale akakata shauri. "Hiyo sayansi yao mimi sijui," anasema. "Lakini mwanamke akivua mara ya pili na mimi niko hai, hiyo ni kuita kifo. Nilimwambia achague, kazi hiyo ama mimi." Hasemi kwa ukali. Ukimtazama vizuri, ni mtu mwenye hofu.

Nayo sehemu ya mwisho inataka wanawake wote arobaini wavue. Namuria hakuchagua. Aliomba ruhusa ya siku mbili akaenda Kakuma kumlalamikia mama yake, kama binti yeyote angefanya.

Mama huyo ni Nabei, ajuza wa miaka sabini na kitu, macho yamefifia lakini ulimi bado mkali. Anaishi nyuma ya duka la unga, si mbali na barabara ya malori. Shingo yake ni tupu. Namuria hakumbuki hata siku moja kuiona na shanga, wala hakuwahi kuuliza, maana baba yake alikufa yeye akiwa mchanga. Hata Christine alipopita Kakuma akikusanya masimulizi, Nabei hakutokea. Alisema anaumwa mgongo.

Nabei alimsikiliza binti yake mpaka mwisho: habari za mume, za mbuzi, za kibuyu kinachoongea. Kisha akauliza jambo moja tu. Hao wanawake wa redio wanamwaga shanga mlango gani?

"Nikamwambia mlango ya ghala, hapa Kakuma, themanini na moja," Namuria anasimulia. "Akasema, mimi nilikuwa wa tatu kwa laini. Wewe ulikuwa mgongoni."

Miezi miwili Namuria alikuwa akiwatembeza wale wanawake kwa mikono yake mwenyewe, na mmoja wao alikuwa mama yake.

Kumbe Nabei alivua, akaandikwa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani jina lake kuandikwa mahali popote, na watoto wake wakala. Miezi miwili baadaye wachungaji walishuka na habari kwamba mume wake alikufa kwa homa, kisimani, upande wa mpaka. Siku gani? Hawakujua. Wao walimkuta ameshazikwa na watu wengine. Labda alikufa kabla ya shanga kuvuliwa. Labda baada.

"Mimi sijui," Nabei anamwambia mwandishi wa makala haya, akitafuta maneno ya Kiswahili polepole. "Nilimuua na hii shanga, ama nilimlilia mapema? Nauliza kila siku. Wajane wenzangu, wakati yao iliisha, wakavaa ingine. Mimi nikivaa, nitakuwa nimesema si mimi. Na kama ni mimi? Basi nikakaa shingo hivi, nikingoja mtu anaambia mimi siku."

Miaka arobaini na minne amengoja. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa wanawe wangemwona muuaji wa baba yao.

Baada ya kumfunulia binti yake, aliinama chini ya kitanda, akatoa kopo la bati la maziwa ya unga. Ndani zilikuwa shanga zake zenyewe, nyekundu na nyeupe na za samawati. Siku ile alizizoa mlangoni pa ghala na kuzifunga kwenye nguo. Nyuzi zilishaoza, kwa hiyo shanga zimeachana zote kama nafaka.

"Hizi zilishavuliwa," alimwambia Namuria. "Hakuna mtu zitaua tena. Peleka kwa redio yako, mzee wako apumzike."

Ekaale alipoelezwa alikubali, ila kwa sharti. Ataketi ndani ya studio wakati wa kurekodi, na akohoe. Lual ameahidi kuacha kikohozi kimoja kisikike, ili Namoruputh wajue mtu yuko.

Nabei naye ana sharti lake, na hilo ndilo limewavuruga wote. Atakuja Lodwar mwenyewe, amwage shanga kwa mkono wake, kisha amuulize yule msichana wa kibuyu: mume wangu alikufa siku gani?

"Nikamwambia, Mama, ndani ya kibuyu ni Christine tu," Namuria anasema. "Akasema, najua, mimi si mtoto. Lakini huyo msichana anatoka miaka ya kesho, na anajua yote, si ndiyo? Sasa mimi nitamjibu nini? Ni ukweli, anajua yote. Christine ameandika hivyo."

Christine hajapata usingizi mzuri tangu Jumatatu. Mchezo wake wote umesimama juu ya sheria moja, kwamba Akeno hasemi. Akimfanya aseme, ameuvunja. Asiposema, bibi kizee atarudi Kakuma na kopo tupu na swali lile lile. Tena akisema, atasema nini, wakati hata yeye hajui? Kwenye ukurasa wa mwisho wa mchezo ameacha mistari miwili mitupu.

"Mimi niliandika hadithi ya majina," anasema, akizungusha kalamu vidoleni. "Sikujua kuna mtu anasubiri jibu. Nikimdanganya, nitamwangalia vipi usoni?"

Lual, aliyezaliwa kambini Kakuma na wazazi kutoka Sudan Kusini, anainua mabega. "Mi nitabonyeza tu rekodi, buda. Chenye kitatoka, kitatoka."

Saa tisa alasiri Namuria amemaliza kokoto na mifuniko. Ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa studio, karai liko mbele yake, na ndani ametandika shuka zito ili kesho shanga zikimwagwa isipotee hata moja. Pembeni ana kopo la mama yake, sindano na uzi mpya wa nailoni.

Ukimuuliza yeye anataka Akeno aseme nini, hasiti.

"Aseme alikufa kabla. Kabla ya shanga. Kama ni uongo, ni uongo ya hadithi. Themanini na moja karani aliandika uongo kwa kitabu, eti mama yangu ni mjane, na sisi tukakula. Christine pia anaweza kuandika moja."

Na Christine akikataa? Namuria anaupitisha uzi kwenye tundu la sindano, anaukosa, anajaribu tena.

"Akikataa, sawa, ni kazi yake. Lakini Lual ataacha mashine inaendelea, nimeshamwambia. Nitatunga hizi shanga hapo hapo, mama amekaa, na nitamvalisha. Sauti ya kuvua nimerekodi. Sauti ya kuvaa, bado."

Anapiga simu Kakuma. Inaita sana kabla haijapokewa.

"Mama, ni mimi. Zilikuwa zimepangwa aje? Kesho naanza na gani, nyekundu ama nyeupe?"

Sauti ya Nabei inasikika hadi nje ya simu, kavu, bila haraka. "Nimesahau. Lakini wewe ulikuwa unazivuta ukinyonya. Mikono yako itakumbuka."

Namuria anakata simu. Anakaa kidogo akiitazama mikono yake. Kisha anafungua kopo na kuchukua nyekundu moja.